Ombi la Tano

Mbuzi walikuwa saba. Nawajua mmoja mmoja,
hata yule beberu mweupe mwenye sikio lililochanika,
kwa sababu nimewataja kwa Mungu kila alfajiri
tangu mwezi wa tano,
walipoingia shambani kwangu hapa Hombolo
wiki ya pili baada ya kupogoa,
wakala machipukizi yote, safu kumi na moja,
wakaiacha mizabibu imesimama
kama vidole vya mtu anayedai.

Yonazi Chibago hakulipa.
Alisema, "Dada Damari, nivumilie,"
akavua kofia, akaivaa tena, akaenda zake.
Mtendaji aliandika, akapiga muhuri, akafunga daftari.

Mimi ni mtu wa sala. Si sifa, ni mazoea,
kama wengine walivyo watu wa ugoro.
Nasali nikikoka moto. Nasali nikipeta uwele,
pumba na amina zinapeperuka pamoja.
Nasali kwenye foleni ya kisima, ndoo yangu ya arobaini na tatu,
na mashine imezima.

Na kabla rimu ya lori haijagongwa kanisani
napiga magoti juu ya gunia,
naanza ile aliyotufundisha Mwenyewe.
Jina, sawa. Ufalme, sawa. Mapenzi yake, sawa,
ingawa hapo huguna kidogo.
Mkate nautaja kwa sauti, maana debe liko nusu.
Kisha ombi la tano,
lile la kusamehewa kwa kadiri tunavyosamehe,
na ulimi unagoma
kama punda aliyeona daraja.

Miezi miwili nilikwama hapo.
Nikafanya ujanja, nikaliruka,
nikaenda moja kwa moja kwenye majaribu.
Lakini sala iliyorukwa huchechemea kutwa nzima:
mlenda unaungua, mtoto anapigwa bila kosa.

Basi nikageuza. Nikamshtaki.
Bwana, huyu hapa Chibago.
Mbuzi saba. Safu kumi na moja. Zizi bovu,
tundu upande wa magharibi, haliziba kwa nini?
Kila siku jina lake mdomoni mwangu
mapema kuliko chai.

Na hiki ndicho nisichokielewa mpaka leo.
Huwezi kumtaja mtu kila siku mbele za Mungu
akabaki jina tu.
Siku moja, katikati ya mashtaka, ilikuja ile kofia,
jinsi alivyoivua.
Siku nyingine kikohozi chake, ng'ambo ya ua.
Kisha Julai, upepo ukipekua bati,
likaja swali ambalo si langu:
Jumanne zote, Chibago huwa wapi?

Najua alipo. Hombolo nzima inajua.
Hupanda gari la saa kumi na moja kwenda Mirembe
kumwona Sila wake, asiyemtambua tena;
humkatia kucha, humlisha ndizi, hurudi usiku.
Mbuzi hawajui kuwa leo ni Jumanne.

Ilikuwa Jumanne, walipoingia.

Sikulia. Mvua haikunyesha,
Julai huku hainyeshi hata kwa mtakatifu.
Nilichukua panga na kamba ya katani,
nikakata matawi ya mgunga,
nikaziba lile tundu
beberu mweupe akinitazama kama mwizi.

Asubuhi Chibago alikuwa zizini, amechuchumaa.
"Kamba umeifunga vibaya," alisema.
Akaifungua yote. Akaifunga upya.
Nilimshikia matawi.
Hatukuongea zaidi ya hapo.

Deni lipo. Muhuri haujafutika,
na safu zangu kumi na moja hazitazaa mwaka huu.
Lakini leo alfajiri nilifika ombi la tano
nikalipita,
polepole, kama mgonjwa anayeshika ukuta,
mwiba mmoja bado uko kiganjani,
nilipofumba mikono ukanichoma.