Bado

Miezi saba nimekunywa chai nimesimama,
wodi ya nne, Maskati, zamu ya usiku,
kikombe cha karatasi juu ya faili la mgonjwa.
Nikikirudia, kimeshafanya utando.

Daktari akaniambia: presha.
Nikacheka. Mimi ndiye ninayewapima watu presha.

Basi leo nimelipa riali kumi na mbili,
nimepandishwa Jabal Akhdhar na wageni wenye kamera
hadi uani kwa Bi Zuwena, kijiji cha Saiq,
ambaye Kiswahili chake ni cha Ng'ambo, cha utotoni.

Anachambua zaatari kijiti kwa kijiti.
Birika linaguna. "Bado," anasema.
Linaguna tena. "Bado, mwanangu."
Kidole changu kinatafuta saa mkononi;
saa zetu zimebaki mlangoni, ndani ya viatu.

Kisha marashi mawaridi, tone moja.
Mjerumani akaomba la pili. Akanyimwa.

Mlima haukunisemesha, wala sikulia.
Ila chai ilikuwa moto mpaka tama la mwisho,
nami nilikuwa nimekaa.

Jumapili wodi inaningoja.
Nimenunua zaatari, gramu mia.
Kigoda nitakitafuta mwenyewe.