Kushuka Umbwe

Kupanda ni elfu tatu, kushuka elfu mbili,
maana kushuka mlima nao unasaidia.
Elinami huzima pikipiki pale kanisani;
petroli si maji ya mfereji.

Kimya kinatuvaa.
Nasikia cheni, nasikia maziwa ya asubuhi
yakigonga mfuniko wa dumu mapajani mwangu,
nasikia mtu anakata majani ya ng'ombe, simwoni.
Nasikia hata kifua chake, kile kikohozi
anachokifichaga kwa honi.

"Elinami, ulienda kupima?"

Kona inapita. Breki inalia.
Migomba, kahawa, migomba.

Tukigusa lami anapiga kiki.
"Ulisema nini, mama? Upepo."

Mjini namhesabia elfu tatu,
kana kwamba tumepanda.