Mkono wa Kushoto

Kitabu kilinuka stoo ya mkonge.
Mhina alikipata mnadani, Barabara ya Kumi na Mbili,
ndani ya sanduku la makaratasi ya kampuni iliyokufa,
kwa bei ya mihuri miwili ya mviringo.
Mashairi ya Kizungu, ya enzi za malkia wao mjane.
Hakuyasoma. Alisoma picha.

Picha za mistari myembamba kama nywele za kichanga:
mti ulioinamia maji, chungu cha majivu juu ya jiwe,
wanaume wawili wa makoti marefu wanaagana,
mmoja miguu imeshaanza kufifia.
"Tazama," alisema, kioo cha fundi saa kimembana jichoni,
"hapa hakuna kivuli. Ni mistari tu, imesogeleana
kama watu msibani."

Yeye alikuwa fundi mihuri. Mimi mwalimu wa hesabu
niliyeegesha baiskeli pale kila saa kumi
kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kubishana naye.
Nusu ya Ngamiani ilipita kwenye wembe wake:
IMELIPWA. IMEPOKELEWA. MGANGA MFAWIDHI.
Aliandika kinyumenyume upesi kuliko nilivyoandika sawa.

Siku moja akacheka hadi wembe ukamponyoka.
"Huyu anampa rafikiye mkono wa kushoto!
Fundi alisahau. Alichonga wa kulia,
karatasi ikaugeuza."
Akanyamaza.
"Au hakusahau."

Na kwa kuwa Kiingereza kilimpiga chenga,
alitunga lake, kwa penseli, chini ya picha:

*Mwenzi ukitangulia, mlango uache wazi,*
*Usijenigeukia, kunionyesha machozi,*
*Nami nikifuatia, nisihitaji mjuzi,*
*Hapo tutasimulia, yaliyotushinda juzi.*

Nikamwambia hiyo "juzi" ameiburuta kwa sikio.
Akasema kina ni kina, hata mauti hayakikwepi.

Figo zilimchoka msimu wa machungwa ya Muheza.
Tulimzika Msambweni, udongo umelowa,
na mimi sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Baada ya arubaini dada yake, Mwanasha,
akaniletea mfuko wa unga:
ndani mna kitabu, na kipande cha mti wa mpera
kilichosuguliwa kikawa kama sabuni, hakijawahi kuguswa na wino.
Nilikigeuza geuza kwenye taa. Rangi moja. Sikuona kitu.
Basi nikachukua pedi ya muhuri wa shule,
nikakipaka, nikakikandamiza
nyuma ya karatasi ya mtihani wa Kidato cha Pili.

Kibanda. Benchi. Baiskeli yangu,
tairi la nyuma halina upepo, kama kawaida yake.
Na mimi, mweusi tii, mistari imesogeleana.
Ila kando yangu, pale alipokuwa akikaa,
hakuna mstari hata mmoja:
weupe mtupu, wenye umbo la mtu.

Nikadhani hakuwahi kumaliza.
Nikapapasa mti kwa kidole gumba.
Kumbe pale ndipo alipochimba kuliko kote,
vijishimo vya patasi, mamia, kimoja ubavuni mwa kingine,
kazi ya usiku mwingi
ya mtu anayejitoa taratibu.

Mkono wangu, pichani, umenyooka kuelekea kwenye weupe ule.
Nimeukagua mara mbili, kama jibu la mwanafunzi.

Ni wa kulia.