Ala ya Bi. Bosibori

Bi. Bosibori wa maharagwe alikuja na bastola ya mti.
Mpwa wake Ombasa kaichonga kwa mbao za sanduku la nyanya,
kwa vipimo vya ile ya dukani, hata mdomo kaupaka masizi,
maana sheria hainiruhusu mimi, mshona viatu wa Bondeni,
kushika ile yenyewe,
na ile yenyewe bado haijanunuliwa.

"Ziko mbili," akaanza, akiketi juu ya debe langu la gundi.
"Nimezijaribu kavu, bila risasi, nikielekea ukuta,
muuzaji kasimama kando kama mtahini wa leseni ya gari.
Ya kwanza, fundi, kifyatulio chake ni ganda la njugu:
unabonyeza, unafika, unajua umefika,
kisha tu! Basi.
Ya pili ni droo la kabati la marehemu mama.
Linasaga mchanga, linakwama, unavuta na bega zima,
na likikubali, mkono ushakwenda kwingine."

Halafu akatoa daftari, lile la wadeni wa ndengu.
Ya pili, magazini ya akiba ni nusu gunia la wairimu.
Ala zake tele, za plastiki, za turubai,
kurunzi yake, brashi yake, kichupa chake cha mafuta,
vyote vinaifuata kama vifaranga.
Ya kwanza, magazini moja ni magunia mawili,
na ala lazima iagizwe ng'ambo, miezi mitatu, na ushuru.
"Na ushuru, fundi. Na ushuru!"
Kidole kinasema hii, daftari linasema ile.
"Wiki mbili nalala katikati yao
kama mke wa waume wawili."

Nikamuuliza kwa nini asifuge mbwa.
Hakucheka.
Aprili, akirudi na mauzo ya Molo, giza limeingia,
waliweka magogo barabarani kabla ya Salgaa.
Pesa walichukua. Hizo hazitaji tena.
Anataja taya la Kimosop, dereva wake,
ambaye mpaka leo hunywa uji kwa mrija.

Nikachukua utepe. Nikampima mshipi akiwa amesimama,
nikampima ameketi, nikamwambia ajifanye anapanda pikapu.
Ngozi ya ng'ombe, nikamwambia, ya kiwandani hapa hapa,
uzi wa nta, mishono miwili, elfu moja mia nane.
Akaandika. Akajumlisha. Akajumlisha tena
kutoka chini kwenda juu, kama wafanyavyo wasioamini furaha,
kisha akalifunga daftari, akalikalia.
"Huyu mume mmoja amenyamaza," akasema.

Ule mti ukabaki mikononi mwangu.
Kifyatulio chake ni msumari uliopindwa, hausogei,
lakini kidole changu kilikuwa kimeshauendea chenyewe,
bila kutumwa.
Nikakirudisha. Sijui kama aliona.

Nikauliza lile niulizalo kila mwenye buti na mkoba:
nikaze au nilegeze?
Ya kuchomoka upesi, nikaeleza, huachwa na nafasi ya unyoya.
Akatazama nje, vumbi lile jeupe la ziwani
likipita juu ya mabati ya jirani.

"Kaza."
Nikadhani hakunielewa.
"Kaza, fundi. Nimenunua wepesi kule kwa bei ya magunia.
Sasa niuzie ugumu hapa ngozini,
hata kama ni wa mia nane.
Nipate muda wa kumwona mtu uso."

Nimeilowesha, nimeifinya juu ya mti, nimeikausha kivulini.
Msharasi umenitoboa kidole mara mbili, kidole kile kile.
Cheti chake, nasikia, bado kiko mezani kwa wakubwa.
Ala imekaa rafuni, baina ya kiatu cha shule kisicho na mwenzake
na mkoba wa mhasibu aliyehamia Kitale,
na bastola ya mbao za nyanya imo ndani.
Kila asubuhi nikifungua kibanda naivuta kidogo,
kuona.
Inakataa kama ndama.
Navuta tena. Inakataa.
Nawasha jiko la gundi.