Uzito wa Maji

Miaka minne nilisomea programu
na hakuna aliyeniambia maji yana uzito.
Nilijua kupanga majina milioni
kabla hujapepesa jicho.
Nilijua kufuta, kurudisha, kufuta tena,
kosa la usiku kulizika kabla ya chai.
Wahenga walisema yakimwagika hayazoleki;
sisi tulipewa kitufe cha kuyazoa.

Kisha Pipeline, Embakasi. Ghorofa nane,
tangi juu ya paa, pampu chini,
na programu yangu katikati ikitoa amri:
tangi likijaa, funga vali.
Mistari kumi na mitatu. Ilifaulu kila jaribio.
Vali ikajifunga papo hapo,
maana kwangu "papo hapo" lilikuwa neno la sifa.

Bomba likagonga ukutani.
Wapangaji wakadhani jirani anapigilia misumari.
Usiku wa tisa, saa kumi alfajiri,
kiungo kikaachia ghorofa ya tatu,
na godoro la Mama Atsango
na madaftari ya mwanawe
vikaelea.

Syombua, fundi wa mabomba, alikuja na spana na kandambili.
Hakuuliza nilitumia lugha gani ya kompyuta.
"Bomba lina urefu gani? Maji yalikuwa na kasi gani?"
Sikujua. Sikujua hata kwamba hayo ni maswali.
"Maji yakiwa mbioni," akasema, uzi mdomoni,
"ukiyafungia mlango ghafla, yanaupiga teke."

Jengo la wenzetu wa mitambo
liko hatua sitini kutoka maabara yetu.
Nilizihesabu Jumatatu, mara yangu ya kwanza kuvuka.
Nikakaa nyuma, kati ya wa mwaka wa kwanza.
Daktari Chelagat alikuwa anavuta ufito wa chuma kwa mashine:
"Sikilizeni. Husema kabla hakijakatika."
Chumba cha pili, vipande vya zege
vilikuwa vimelala majini siku ya kumi na tisa
kati ya ishirini na nane,
na hakuna aliyekuwa anaviharakisha.

Jioni nilipita Pipeline.
Madaftari yalianikwa kwenye vyuma vya baraza,
wino umetambaa, aljebra imekuwa mawingu.
Mama Atsango hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mstari wa kumi na nne
niliuandika kwa kalamu kwanza, kwenye karatasi:
funga taratibu,
chini yako kuna mtu amelala.