Saa Moja Jioni, Ghorofa ya Tano

Simu yangu ina kovu kona ya kushoto,
iliniponyoka ngazini mwezi wa theluji.
Kwa hiyo kwanza nikalishuku kovu.

Kila saa moja jioni Aivars hupiga.
Huko Ayalandi ni saa kumi na moja,
ndiyo kwanza ametoka mabanda ya uyoga,
udongo bado umo kuchani.
Uso wake unaganda, mdomo wazi,
jina langu limekatika katikati: "Dzin..."
na zile pinde tatu za wai-fai
zinabaki moja, kisha kitone,
kisha alama ya mshangao,
kana kwamba mshangao ni wa simu, si wangu.

Nilifanya wafanyayo watu.
Nilizima, nikawasha.
Nilichomoa ruta, nikahesabu hadi thelathini
kama mtoto anayewangoja wenzake wajifiche.
Simu ikaniuliza: Usahau mtandao huu?
Nikabonyeza Sahau.
Ikasahau papo hapo, bila hata kusita.
Mimi ndiye niliyehangaika na miwani
kusoma nenosiri chini ya kisanduku,
herufi kumi na sita zisizo na ukoo.

Binti wa kampuni akasema: "Mama, kwako tunaona kuzuri."
Kuzuri! Njoo ukae jikoni kwangu saa moja.

Nikahamisha ruta juu ya kabati.
Nikahamisha juu ya ubao wa kupigia pasi,
waya umevutika kama kamba ya mbuzi.
Nikasoma kwamba maji humeza mawimbi,
basi tangi la samaki likaenda bafuni,
na samaki, wote wawili,
wakalala siku mbili ndani ya sufuria,
wakinitazama.

Ndipo nikachukua bili ya umeme, nikaandika mgongoni mwake:
Jumatatu, na dakika nne, imekata.
Na dakika tano, imerudi.
Na dakika saba, imekata.
Jumanne vilevile. Jumatano vilevile.
Alhamisi nilikuwa kimya, kalamu mkononi,
nikausikia ukuta ukinguruma.
Ukanguruma dakika nzima,
kisha: ting.
Pinde tatu zikarudi.

Nikagonga mlango wa jirani.
Bwana Teodors, sweta limevaliwa ndani nje,
na nyuma yake maikrowevu, kongwe kumzidi yeye,
mlango wake umefungwa kwa kamba ya kiatu.
Supu ya bitiruti. Anapasha dakika moja,
anaonja, katikati bado baridi,
anairudisha.
Nilipomweleza akakaa chini.
"Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nikila maneno ya mumeo."
Alitahayari kuliko mwizi.

Siku hizi, saa moja kasoro robo,
nampelekea bakuli kutoka jiko langu.
Hulirudisha limeoshwa;
mara moja lilikuwa na tufaha ndani.

Na mtandao umetulia. Hauyumbi.
Namwona Aivars mzima, na kovu lake la kunyolea,
na taulo kwenye kiti, si langu kulijua.
Jana nikamuuliza: "Utarudi kabla ya Jāņi,
tuwashe moto na wenzetu?"

Kimya.

Nikatazama juu ya kioo.
Pinde tatu, zote.
Kope zake zinapepesa. Pazia nyuma yake linatikisika.
Nasikia bomba la kwake likidondosha tone,
halafu jingine.

Miezi minane nimekitukana kisanduku.

"Aivars, unanisikia?"
"Nakusikia," akasema, "nakusikia vizuri sana."

Upande wa pili wa ukuta
kijiko kikagonga bakuli,
kikakwangua chini.