Skrubu Iliyobaki

Mwaka wa kumi na tisa huu nafungua redio za watu, Kadutu,
chini ya turubai lenye jina la kiwanda cha saruji.
Kuna siri moja mafundi hatuwaambii wateja:
ukishafunga, mara nyingine skrubu moja hubaki mezani
na redio inaongea vilevile.
Tunaitia mfukoni. Tunanyamaza.

Ndiyo maana sikulala.

Daktari Zihindula alinichorea sikio langu nyuma ya karatasi ya malipo:
ngoma ndogo, na katikati yake tundu.
Atachukua utando kidogo hapa nyuma, akasema,
aliweke kiraka.
Kama kiraka cha mpira wa baiskeli?
Kama hicho, ila chembamba kuliko ganda la kitunguu.
Nikacheka. Magoti hayakucheka.

Usiku mvua ya Bukavu ikashambulia mabati ya wodi.
Nililalia sikio zima ili nisiisikie,
sikio bovu likakesha juu, mlinzi kiziwi.
Nikahesabu skrubu za redio ya betri sita:
nne za mgongoni, mbili za ndani, moja ya antena.
Nne, mbili, moja.
Nne, mbili.
Ilibaki wapi ile moja?

Asubuhi Nsimire akauliza, unaogopa?
Hapana.
Akanishika kifundo cha mkono, akasikiliza kwa vidole.
Mwongo, akasema,
kisha akala ndizi zangu zote, kwa kuwa mimi nilikatazwa kula.

Nesi Chibalonza aliniuliza mara nne: sikio lipi?
La kushoto. La kushoto, mama. La kushoto.
Mara ya nne akanichora mshale shingoni kwa kalamu ya wino,
na hapo, sijui kwa nini, pumzi ikashuka.
Hata mimi huweka alama kabla ya kukata waya.

Hesabu, wakaniambia.
Nilifika saba, ile ya antena,
na mtu akazima stesheni.

*

Niliamka na kilemba cha bandeji, ulimi una ladha ya sarafu,
dari likizunguka kama kitufe mkononi mwa mtoto.
Nikatapika. Nikaomba radhi kwa ndoo.

Usipenge kamasi. Usiinue gunia.
Maji yasiingie, hata tone.
Chafya ikija, ipige mdomo wazi kama kiboko:
Ansima alifurahi sana siku ya chafya.
Nsimire alimlipa dereva wa taksi mara mbili
ayapite mashimo ya kupanda kwetu
kama amebeba mayai ya mkwe.

Hakuna aliyeniambia kuhusu kelele za ndani.
Isambaza zikikaangwa, saa nane za usiku, humo kichwani.
Mtu akikanyaga majani makavu. Mlango.
Kila tonge la bugali lilisagwa kama kokoto
na sauti yangu ilitoka ndani ya pipa.
Siku ya sita nililia kidogo, kwa upande wa kulia.
Siku ya saba nilichoka kuogopa, nikamenya viazi.

Wiki ya tatu daktari akavuta shashi sikioni.
Ikatoka, ikatoka, ikazidi kutoka,
kanda ya kaseti iliyotafunwa.
Nikamuuliza: hakuna kilichobaki mezani?
Hakuelewa. Sikumweleza.

Nilidhani nitasikia kwanza ndege, au ziwa.
Nilisikia jenereta la jirani.
Nilisikia Nsimire akihesabu franka chini ya pumzi, zikipungua.
Na kibandani, nilipowasha redio ya Mama Nabintu
niliyomrudishia nikiapa kwamba imepona,
nikasikia inakoroma.
Nyingine nayo inakoroma.
Miaka yote hiyo, wateja wangu,
mlinilipa, mkashukuru, mkaenda nayo nyumbani.

Sasa nazifungua tena, bila malipo, moja moja,
sikio la kushoto karibu na spika, si sana,
bado linachoka mapema, jioni linajaa pamba.

Ansima hupenda kunijaribu.
Hunyata upande ule, ananong'ona:
Baba, una skrubu mfukoni.

Ninapapasa. Ipo.